Ikichoka, Inaenda Wapi? Nyuklia, Sola na Uchafu Wenye Hatuuoni

Wengi hamkuweza kufika ukumbini Jumamosi juu ya ile mvua, na mkaniomba niweke hotuba yote, basi hii hapa venye niliitoa. Zile picha za ukutani nimeziacha.

Hamjambo wazee wetu, hamjambo mama zangu. Vijana mko? Asanteni kwa kuja, najua matatu leo zimepandisha nauli na bado mmekuja.

Mimi wengi mnanijua, ni fundi wa sola, nimepanda juu ya mabati ya watu kuanzia hapa Kayole mpaka Kitui huko ndani, miaka kumi na kitu sasa. Nimeitwa niongee juu ya nyuklia na sola, gani inaumiza mazingira zaidi, na najua kuna wenye wamekaa hapo wakisema huyu si anauza sola, atasifu sola twende nyumbani. Hapana. Leo nitawaambia vitu vyenye sijawahi kuwaambia wateja wangu, na kwa kweli vimenikaa rohoni muda mrefu.

Swali langu ni moja tu, nitalirudia mpaka mchoke. Hii kitu ikichoka, inaenda wapi? Si kama inafanya kazi leo. Ikichoka. Inaenda wapi na nani anaishika?

Nianze na yangu.

Mwaka wa 2014 nilimfungia mama mmoja sola huko upande wa Mwingi. Paneli moja ya wati 80, betri moja ya asidi, taa nne na mahali pa kuchaji simu. Kabla ya hapo nyumba ilikuwa ya kibatari, ukiingia unakohoa, na msichana wake alikuwa anasomea mtihani wa KCPE na huo moshi. Siku tuliwasha zile taa majirani walikuja, mama akachinja kuku, mimi nikarudi Nairobi nikijiona nimefanya kazi ya Mungu. Na nilikuwa nimeifanya, sitaki mtu aseme hapana.

Baada ya miaka mitatu akanipigia simu, betri imekufa. Nikaenda na nyingine. Nikamuuliza ile ya zamani iko wapi, akanionyesha kando ya kibanda cha kuku. Ilikuwa imepasuka upande mmoja, asidi ilimwagika zamani, pale chini hakukuwa na nyasi hata moja. Na hapo kando ameketi mjukuu wake, mtoto wa kama miaka minne, anacheza kalongo. Ametoa vile vibamba vya kijivu vya ndani ya betri, amevipanga kwa mawe kama sahani, na vidole vyake vyote ni kijivu, na mdomo pia.

Vile vibamba ni madini ya risasi, ndugu zangu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwa damu ya mtoto chenye unaweza kusema hiki ni salama. Inaingia kwa ubongo, na ikishaharibu haiwezi kurudishwa.

Nilimnyanyua yule mtoto nikamwosha mwenyewe. Mama aliniangalia akaniambia, "Fundi, mimi nilingoja mtu aje aniambie hii naipeleka wapi. Hakuna mtu alikuja."

Hakuna mtu alikuja! Na huyo mtu alikuwa anafaa kuwa nani? Ni mimi. Sasa mnajua nilifanya nini? Nilibeba ile betri, nikampunguzia mama shilingi mia tano kwa bei ya mpya, nikaja nayo mpaka hapa Nairobi nikamuuzia mtu wa skrapu mwenye mkokoteni, kwa kilo. Sikuuliza anaipeleka wapi. Nimeuza betri nyingi hivyo, na zote sikuuliza.

Mnaijua Owino Uhuru? Wangapi wamesikia? Inueni mkono. Ni wachache, ona. Owino Uhuru ni mtaa wa mabati kama yetu, uko Mombasa pale Changamwe. Kulikuwa na kiwanda ukutani kabisa mwa mtaa, kazi yake kuyeyusha betri kuukuu kutoa risasi, kuanzia 2007 mpaka kikafungwa 2014. Moshi unaingia kwa nyumba na maji yanatoka kiwandani yanapita mlangoni kwa watu. Mama mmoja alikuwa amefanya kazi pale, Phyllis Omido, mtoto wake wa kunyonya akaugua, kupimwa ni risasi. Yeye ndiye alisimama akapiga kelele na wenzake mpaka akapewa tuzo ya Goldman, ile ya watetezi wa mazingira, 2015. Mwaka wa 2020 korti ikaamua watu wa mtaa walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikaenda rufaa wakashindwa, ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, nayo 2024 ikarudisha yale malipo. Miaka yote hiyo watoto wanakua na hiyo kitu kwa damu.

Zile betri zilitoka wapi? Za magari, ndio, nyingi ni za magari. Lakini na za mafundi kama mimi, na hiyo ndiyo sababu siwezi kusimama hapa niwaambie sola haina gharama.

Na paneli zenyewe je? Mtu anafikiria jua ni bure basi paneli ni bure. Paneli inaanza kama mawe ya mchanga mweupe, yanayeyushwa kwa tanuru ya joto karibu nyuzi 2,000 ili kupata silikoni, na zaidi ya asilimia 80 ya hiyo kazi inafanyika China penye stima nyingi bado ni ya makaa ya mawe. Kwa hivyo ile paneli iko juu ya nyumba yako imeshatoa moshi wake kabla ikufikie, ni vile tu moshi haukutoka Kayole.

Lakini tuhesabu vizuri juu hesabu ndiyo inatenganisha ukweli na woga. Nyinyi nyote mnanunua token ya stima, mnajua uniti ni nini, ni kilowati moja kwa saa moja. Chukua uniti moja. Wanasayansi wa IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, walipiga hesabu yao 2014, ya maisha mazima ya mtambo, kuanzia kuchimba madini mpaka kubomoa. Uniti moja ya makaa ya mawe inatoa kama gramu 820 za hewa ya ukaa. Ya sola ya juu ya nyumba ni 41. Ya nyuklia ni 12.

Mmesikia? Kumi na mbili! Kwa upande wa hewa peke yake nyuklia imeishinda kazi yangu. Mimi fundi wa sola ndiye nawaambia. Na zote mbili ukiziweka kando ya makaa ya mawe ni kama kulinganisha kijiko na pipa, ndiyo maana ule mtambo wa makaa wa Lamu leseni ilipofutwa 2019 mimi nilifurahi nikalala vizuri.

Sasa twende nyuklia.

Nilikuwa Kilifi kufunga friji ya sola ya kuhifadhi samaki, karibu na Mida Creek. Kama hujawahi fika Mida, ni mahali mikoko imesimama ndani ya maji, maji yakitoka unaona ndege wamejaa, na upande ule mwingine ni msitu wa Arabuko Sokoke. Uyombo ni hapo hapo, penye serikali ilitaka kuweka kinu cha kwanza cha nyuklia, na watu wakaandamana 2024, polisi wakaja, watu wakaumia. Mwaka uliofuata mazungumzo yakahamia Siaya, pwani ya ziwa.

Jioni moja mzee mmoja mvuvi tuliketi naye anashona nyavu akaniuliza, "Mwanangu, wewe wajua mambo ya stima. Hebu nambie kweli, hicho kinu chao chalipuka?"

Nikamwambia mzee wangu, hilo ndilo swali kila mtu anauliza na nadhani silo la kwanza. Kinu cha stima si bomu, urani yake, yale madini ya kukiwasha, haijakolezwa kiasi cha kulipuka kama la Hiroshima. Ajali zinatokea, na zikitokea ni mbaya, Chernobyl kule Ukraine 1986, mpaka leo kuna eneo la kama kilomita 30 kila upande watu hawaruhusiwi kuishi. Fukushima kule Japani 2011, tsunami ilizima pampu za kupoza, vinu vitatu vikayeyuka ndani, watu zaidi ya laki moja na nusu wakahama. Na sikizeni hii juu huwa haisemwi: zaidi ya watu 2,000 wa Fukushima walikufa kwa sababu ya kule kuhamahama kwenyewe, wazee wametolewa hospitalini usiku, wagonjwa kwa mabasi, wengine huzuni tu. Mionzi ilitisha, lakini haraka na woga ndivyo vilizika watu wengi. Ukihesabu vifo kwa kila uniti, nyuklia na sola ziko karibu sawa kabisa, na makaa ya mawe yanaua mamia ya mara zaidi, kimya kimya, kwa mapafu.

Yule mzee alinyamaza, akashona kidogo, akasema, "Basi kama halipuki, maji yake yatoka wapi na yarudi wapi?"

Niliishiwa maneno. Mzee hajakaa darasani lakini alikuwa ameuliza swali langu kabla yangu! Kinu kinakunywa maji mengi sana ya kupoza, yanaingia baridi yanatoka yamepata joto, na mayai ya samaki na vitoto vyao vinavutwa na zile pampu. Na bahari nayo inajibu: mwezi wa nane 2025 kule Gravelines Ufaransa vinu vinne vilizimika kwa sababu yavuyavu walijaa kwa vichujio vya maji. Hakuna mtu aliumia. Lakini hebu fikirieni Ziwa Victoria, tayari lina gugumaji, tayari mvuvi wa omena analia. Maji ya moto yakiingia kwa ghuba penye maji hayatembei sana, ngege watazalia wapi? Hiyo ndiyo hesabu nataka kuona kabla mtu achimbe msingi.

Halafu ile kubwa. Ikichoka, inaenda wapi?

Kipande kimoja cha urani ya kinu ni kidogo, kama kipande cha chaki cha urefu wa kucha ya kidole gumba, na kinatoa nguvu kama ya tani nzima ya makaa ya mawe. Ni ajabu kweli. Kinu cha megawati 1,000 kinamaliza kama tani 25 mpaka 30 kwa mwaka, na kwa sababu ni nzito, kwa ujazo hata lori dogo la kanta halijai. Mwaka mzima! Stima ya watu mamilioni, na taka yake inatosha kwa kanta. Ukweli ni lazima niuseme.

Lakini hicho kitu hakishikwi na mkono. Kinakaa ndani ya maji miaka kadhaa kipoe, kisha kinawekwa kwa mapipa mazito, na ndani yake kuna plutoniamu yenye inachukua miaka 24,100 kupunguza nguvu nusu. Nusu tu. Watu wa Finland wamechimba handaki linaitwa Onkalo, wameanza 2004, kama mita 430 chini ya mwamba, waweke taka zao ndani ya makopo ya shaba wazibe na udongo wa mfinyanzi, na hesabu yao ni ya miaka laki moja. Afrika kuna kituo kimoja tu cha nyuklia kinatoa stima, Koeberg karibu na Cape Town, kimewaka tangu 1984. Miaka arobaini na zaidi. Fueli yake iliyochoka iko wapi? Iko pale pale Koeberg. Nchi tajiri kuliko yetu, miaka arobaini, bado haijapata pa kuizika.

Kwa hivyo nikisikia mtu wa serikali anasema kinu kitaanza kutoa stima 2034, mimi sina haja na picha ya kinu. Nionyeshe ramani ya shimo. Shimo liko kaunti gani, na ni pesa ya nani itamlipa askari wa kulilinda wajukuu wa wajukuu wetu wakiwa wamezeeka?

Na kabla hata haijachoka, urani inatoka mahali. Kuna mji Niger unaitwa Arlit, jangwani. Mgodi mmoja wa hapo ulifungwa 2021 baada ya miaka zaidi ya arobaini, ukaacha tani milioni 20 za mchanga wenye mionzi, umerundikwa hapo, upepo wa jangwa unavuma. Urani iliwasha taa Ufaransa na watu wengi wa Niger wenyewe bado hawana stima. Si mnaona inafanana na ile betri ya Mwingi? Taa iko huku, uchafu uko kule, na kule ni kwa maskini kila wakati. Kila wakati!

Nitaongea ya ardhi kidogo tu, juu naona watoto wameanza kusinzia.

Garissa kuna shamba la sola la megawati 50 na kitu, lilizinduliwa 2019, ekari kama 210, paneli zaidi ya laki mbili. Linatoa kama uniti milioni 76 kwa mwaka. Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu, kinu kimoja cha nyuklia cha megawati 1,000 kinaweza kutoa karibu uniti bilioni 8, ina maana unahitaji mashamba kama hilo mia moja na zaidi, ekari elfu ishirini na mbili hivi. Hiyo ni karibu robo tatu ya ile Park yetu ya Nairobi, imefunikwa na vioo. Paneli za siku hizi zina nguvu zaidi zingepunguza, lakini bado ni ardhi kubwa, na nyinyi mnajua mfugaji wa Garissa akikuta ua la waya penye ng'ombe alikuwa anapita hawezi kuambiwa ati ni nishati safi.

Lakini sasa tokeni nje mwangalie. Mabati! Magodauni ya Mombasa Road, shule, makanisa, soko la Wakulima, hii paa ya ukumbi tumekaa chini yake. Ardhi hiyo tulishaichukua zamani, hakuna twiga atafukuzwa. Kinu huwezi kukiweka juu ya kanisa, sola unaweza. Hapo ndipo moyo wangu unarudi kwa sola.

Shida ni usiku, na lazima niiseme. Kenya tunatumia stima nyingi zaidi jioni, saa moja mpaka saa tatu, mama anapika, watoto wanafanya homuwaki, na jua limeshalala. Hapo sola bila betri ni kioo tu. Lakini sisi tuna Olkaria, mvuke wa ardhi unatoka usiku na mchana na tayari unabeba kama asilimia 40 ya stima yetu, tuna mabwawa, tuna upepo wa Turkana. Watu wa nyuklia wanasema tunahitaji kitu cha kusimama usiku. Mimi nasema tunacho, tukimalize kwanza kukichimba. Hayo ni maoni yangu na mtu anaweza kunipinga hapa mbele ya watu, nitasikiza.

Kwa hivyo mimi nachagua sola. Lakini nikichagua nachagua na mzigo wake, sichagui taa niache betri kwa kibanda cha kuku. Zile paneli za Garissa zitachoka, miaka 25, 30, kila moja ina uzito wa kilo kama 18 au 20, piga hesabu ni zaidi ya tani elfu tatu za kioo na alumini na risasi kidogo ya kulehemu. Dandora ilitangazwa imejaa 2001 na bado tunamwaga. Tutamwaga na hizo?

Taka ya nyuklia ni kidogo na kali, na ina askari. Ya sola ni nyingi na pole, na haina hata mtu wa kuandika imeenda wapi. Na ile pole ndiyo nilikuta kwa mdomo wa mtoto.

Sheria tunayo. Sheria ya taka ya 2022 inasema mwenye kutengeneza au kuingiza bidhaa ana jukumu mpaka ikichoka, na kanuni zake zikatoka 2024. Kwa hivyo ukienda maduka ya Luthuli mjini Nairobi kununua sola, usiulize bei peke yake. Muulize, betri hii ikifa utaichukua? Niandikie kwa risiti. Akikataa, vuka barabara uende duka lingine. Hata hizi betri mpya za lithiamu, hazina risasi na zinaweza kumaliza miaka kumi, lakini zikifa nazo zinahitaji mahali, zisitupwe kwa moto.

Na vikao vya maoni ya wananchi vikiitwa juu ya nyuklia, nendeni. Msiende kupiga kelele ya bomu, watawajibu kwa dakika mbili mketi. Ulizeni ile ya mzee wa Mida, maji yanarudi wapi. Ulizeni shimo liko wapi. Mkae hapo mpaka mjibiwe, na jibu liandikwe.

Mimi tangu mwaka jana siuzi tena betri kwa mkokoteni. Nazipeleka kwa kituo chenye leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira, wananipa karatasi, na karatasi zote ninazo kwa faili, mtu yeyote anaweza kuja kuziangalia. Napata pesa kidogo kuliko ya skrapu. Kwa mama wa Mwingi nilirudi, tukachimba ule mchanga wa kando ya kibanda tukautoa, na mtoto akapelekwa kupimwa. Anaenda shule. Mama yake ananiambia anasahau sana, na mimi kila nikisikia hivyo silali.

Pale mlangoni kuna kreti mbili za njano. Ya kushoto ni ya betri za asidi, ziwekeni zikiwa zimesimama msizilaze, ya kulia ni ya taa za sola na betri ndogo. Niko na pikapu nje mpaka saa kumi na moja, na kama yako ni nzito nitakuja nyumbani kuichukua, andikeni majina kwa kile kitabu. Maswali sasa. Mzee mwenye kofia pale nyuma, wewe uliinua mkono kitambo, karibu.